Mwalimu wa Awali, Vuka Uzio wa Shule Yako

Maneno haya ni kwa ajili yako wewe unayefundisha darasa la awali mkoani Songwe, iwe Sogea, Mpemba, Vwawa, Itumba, Mkwajuni au kule bondeni Kamsamba. Mwalimu wa darasa la tatu akikwama ana wa darasa la nne wa kumuuliza. Wewe mara nyingi uko peke yako shule nzima. Ofisini wenzako wakijadili mitihani ya darasa la nne na la saba, unanyamaza. Na pengine umeshamsikia anayesema kwamba kazi yako ni kucheza na watoto tu.

Usikubali maneno hayo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima kwa kila mtoto. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada na michango ya lazima, na ilipofika Januari 2016, mwezi uleule Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa, watoto walimiminika shuleni. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali. Wewe unajua unao wangapi. Anayewafanya watoto wote hao wasikilize hadithi moja hadi mwisho ni mtaalamu, na utaalamu wa namna hiyo ukifungiwa katika chumba kimoja unapotea bure.

Mlango wa kuutoa nje upo tayari. Kupitia MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, walimu wanatakiwa kukutana katika jumuiya za ujifunzaji: wachague tatizo halisi la darasani, walijadili, wakajaribu, kisha warudi kuelezana kilichotokea. Ni utaratibu mzuri. Lakini jumuiya ya shule moja haikutoshi wewe, kwa sababu humo ndani hakuna mwenzako wa awali. Mwenzako yuko shule ya pili, pengine mwendo wa bodaboda tu. Ndiyo maana nasema vuka uzio.

Chukueni mfano wa kona ya duka. Kila mmoja wenu ana vizibo vya soda, makopo na maboksi matupu yaliyopangwa pembeni mwa darasa. Lakini mtoto wa Tunduma amekulia mpakani. Anamwona mama yake akivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi, anasikia shilingi na kwacha zikitajwa nyumba moja, na anajua malori yaliyopanga foleni yanaelekea wapi kabla hajajua kuandika jina lake. Duka la darasani lenye noti za karatasi za aina mbili litamfundisha kuhesabu, kupanga, kulinganisha na kuzungumza zaidi kwa siku moja kuliko ubao unavyoweza kwa wiki. Mtoto wa Mbozi naye atahesabu buni za kahawa. Mawazo kama haya huzaliwa pale walimu wawili watatu wanapokaa na kuulizana: kwako watoto wanacheza nini? Na yule aliyeanza shule akijua Kinyamwanga au Kinyiha tu, ulimwingizaje katika Kiswahili bila kumnyamazisha? Swali hilo mwalimu wa Momba analijibu kila Januari. Mfuateni awafundishe.

Njia hii wenzetu wameshaipita. Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said na wenzake, wakisaidiwa na Mfuko wa Aga Khan, walianza kuandaa wanawake wa mitaani kwao wawe walimu wa chekechea za madrasa. Wakufunzi waliwafuata hadi darasani, wakakaa nao, wakatengeneza nao zana kwa vitu vya nyumbani. Kazi hiyo ilienea hadi Zanzibar na Uganda. Nguvu yake ilikuwa wanawake waliokubali kutazamwa wakifundisha.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoogopa. Mwalimu mwenzako akikaa nyuma ya darasa unahisi umekaguliwa. Basi anza wewe kumwalika, na umwambie mapema unataka akutazamie jambo gani: labda watoto wa mstari wa nyuma, labda namna unavyouliza maswali. Mkimaliza, aseme alichokiona kabla ya kutoa ushauri.

Mwiteni na mwalimu wa darasa la kwanza, maana ndiye atakayewapokea watoto wenu. Mwiteni pia mlezi wa kituo cha kulelea watoto mchana, kwa sababu Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, iliandaliwa kumtazama mtoto tangu tumboni hadi miaka 8, na hakuna mmoja wetu anayemlea muda huo wote peke yake.

Wewe mwalimu mkuu, wape ruhusa na muda. Afisa elimu kata, wape chumba. Na wewe mwalimu wa awali, usingoje barua ya semina wala posho. Ijumaa hii mpigie simu mwalimu wa awali wa shule ya jirani, mpange siku, kila mmoja aje na zana moja na swali moja linalomkosesha usingizi. Wa Kamsamba aliye mbali atume swali lake kwa sauti kwenye simu. Mkiwa watatu, inatosha kuanza.