Kweli Isemwapo kwa Nia Mbaya

Mara nyingi wazee wa kanisa hutuuliza: Mtu akiitangaza dhambi ya zamani ya mwanamke aliyeolewa, naye asema kweli tupu, je, ameivunja amri ya nane? Maana hakushuhudia uwongo.

Na tuitazame habari ya bibi mmoja wa Marekani, jina lake Rachel Donelson. Mwaka 1785 aliolewa na Lewis Robards, mtu mwenye wivu mwingi, wakatengana. Kisha ikasikiwa ya kuwa Robards amekwisha kupata talaka, naye Rachel akakaa na Andrew Jackson kama mkewe. Kumbe, Robards alikuwa amepewa ruhusa ya kushtaki tu! Talaka yenyewe ilitoka mwaka 1793, kwa sababu ya uzinzi, na Januari 1794 wale wawili wakafunga ndoa tena. Wakaishi pamoja miaka zaidi ya thelathini. Lakini Jackson aliposhindania urais mwaka 1828, adui zake waliifukua habari ile, wakaipiga chapa magazetini. Jackson akashinda, mkewe akafa tarehe 22 Desemba mwaka uo huo, kabla mumewe hajaingia kazini.

Twakiri, hukumu ile iliandikwa kweli, wala hatusemi kosa halikuwa kosa. Lakini waliolitangaza walitaka nini? Hawakutaka bibi yule atubu, kwa kuwa alikuwa mtu wa sala tangu siku nyingi. Walitaka kura. Walimwokota mwanamke kama jiwe, wapate kumpiga mumewe. Nayo Katekisimo haitukatazi uwongo tu. Yatuonya pia tusimsaliti jirani, bali tumtetee. Kweli isiyomtafutia mkosaji wokovu, wala kumkinga mwingine na hatari, yamtumikia nani? (Jackson mwenyewe alikuwa na watumwa wengi, na wengi waliomcheka mkewe hawakuliona hilo kuwa aibu ya nyumba yake. Sisi watu wa Afrika twalistaajabia.)

Tena liko jambo lituchomalo zaidi. Mwaka 1829 Margaret Eaton, mke wa waziri mmoja, alisengenywa vivyo hivyo kwa mambo yake ya zamani, na mabibi wa mawaziri wakakataa kumtembelea. Jackson akamtetea kwa nguvu. Basi aliyewakaribisha wageni nyumbani mwa Jackson siku zile alikuwa Emily Donelson, binti wa ndugu yake Rachel. Huyu naye akakataa kwenda kumwamkia.