Je, Fedha ya Wote Haina Mwenyewe?

Twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya jambo linalosemwa sana barazani na mnadani hapa Mpwapwa, nalo ni mikopo wapewayo vijana na Halmashauri. Sheria iliyotungwa mwaka 2018 yaiagiza kila Halmashauri kutenga sehemu 10 katika kila 100 za mapato yake ya ndani: sehemu 4 ni za wanawake, 4 za vijana, na 2 za watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba. Hata Torati ilimkataza mtu kumtoza riba ndugu yake maskini. Basi sheria hii twaiona kuwa njema.

Lakini liko swali. Kijana akiisha kuipokea fedha hiyo, adaiwa na nani? Wako wasemao, "Hiyo ni fedha ya Serikali, na Serikali haifi njaa. Wakubwa wangapi wameila wasiulizwe? Mbona mnyonge ndiye alipe?" Neno hili lapendeza masikioni, walakini si kweli. Mapato ya Halmashauri hutoka katika ushuru wa mazao, na ada za leseni, na malipo ya sokoni na mnadani. Yule mama auzaye karanga sokoni ametia sehemu yake, na mfugaji aliyeuza mbuzi mmoja apate kumnunulia mtoto sare ya shule ametia yake. Tena fedha ikirejeshwa hupewa kikundi kingine kinachongoja. Basi asiyelipa, hali aweza kulipa, hamwibii mkubwa, bali amnyang'anya kijana mwenzake ambaye zamu yake haijafika. Na kama wakubwa wengine huiba, hilo lawahukumu wao, wala halimpi mtu mwingine ruhusa.

Wala haya si mawazo matupu. Mwezi wa Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hii nchi nzima, baada ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kueleza ya kwamba mabilioni ya shilingi hayakurejeshwa, na ya kwamba fedha nyingine zilipewa vikundi hewa. Ikafunguliwa tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika muda ule ni nani walioadhibiwa? Waliokula walikuwa wamekwisha kula. Waliofungiwa mlango ni wale ambao hawajakopa hata senti moja.

Wako na wazee wasemao, "Msiwakopeshe kabisa, kijana hajui kutunza." Hao nao twawaomba waikumbuke Kongwa, jirani yetu. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mashamba makubwa ya karanga kwa fedha ya umma wa kwao, wakiwa na wataalamu na matrekta mengi. Udongo ukawa mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi, mvua ikapungua, mashine zikaharibika. Mwaka 1951 mpango ule ukaachwa. Hasara yake ilikuwa yapata pauni milioni 36, na deni likafutwa. Hao hawakuwa vijana wasio na elimu. Basi kupata hasara peke yake si dalili ya uvivu wala ya uovu. Na kama deni la wakubwa lilifutwa, twawezaje kumwita mwizi kijana ambaye alizeti yake imekauka kwa kukosa mvua, au kuku wake wamekufa kwa mdondo?

Hatuna budi kupambanua. Aliyeshindwa akasema kweli, akaonyesha daftari lake na shamba lake, huyo apewe muda. Na ikiwa hana kitu kabisa, asamehewe. Twakiri kwamba msamaha huo una gharama, maana yule mama wa karanga ndiye atakayeubeba; lakini afadhali aubebe akijua, kuliko kuibiwa kwa siri. Bali aliyechukua fedha ya kufugia kuku akanunua pikipiki ya kutembelea, huyo alipe, hata kwa kuiuza pikipiki yenyewe.

Wakopeshaji nao wana wajibu wao. Nchi yetu hii hupata msimu mmoja tu wa mvua, tangu Desemba hata Aprili. Mkopo wa kilimo utolewao mwishoni mwa Februari ni kama dawa iletwayo baada ya mazishi; ukipotea, kosa si la mkulima peke yake. Wasitoe kwa upendeleo wala kwa rushwa, tena wakitembelee kikundi kabla ya siku ya kudai.

Nanyi walimu na wazee mnaoombwa kuwatambulisha vijana, msitie sahihi kwa kikundi msichokijua, ingawa mwombaji ni mtoto wa ndugu. Wafundisheni kuandika yaliyoingia na yaliyotoka, na kuyasoma mbele ya wenzao kila mwezi. Na siku ile hasara ionekanapo, waende wenyewe ofisini kuieleza, wasingoje kuitwa.