Amana ya Kura: Dhamiri ya Mbunge Mbele ya Mungu, Chama na Wapiga Kura

Mtu anayechaguliwa na watu kuwawakilisha bungeni huingia katika hali ya kimaadili ambayo wenye kazi nyingine hawaijui, kwa kuwa tangu siku anapokula kiapo sauti yake haiwi tena yake peke yake, na kila anapotamka "ndiyo" au "siyo" ukumbini, maelfu ya watu wasiokuwamo humo huhesabiwa kuwa wametamka pamoja naye. Swali linalozaliwa na hali hiyo ni la kale, nalo ni la falsafa na la dini kwa pamoja: pale ambapo wapiga kura wanataka jambo moja, chama kinaagiza la pili, na dhamiri, yaani ile hukumu ya ndani ambayo kwayo mtu hupambanua haki na batili, inamshuhudia la tatu, mwakilishi amtii nani? Makala haya yanatetea msimamo kwamba dhamiri ya mwakilishi ni sehemu ya amana aliyokabidhiwa, kwa hiyo hana ruhusa ya kuiweka mikononi mwa mwingine, uwe umati au chama. Na kwamba kinachoizuia dhamiri hiyo isigeuke kiburi ni wajibu wa kutoa hesabu waziwazi kwa wale waliomtuma.

Wanafalsafa wa siasa wamezoea kuugawa uwakilishi katika namna mbili. Ya kwanza ni uwakilishi wa maagizo, ambamo aliyechaguliwa ni mjumbe wa kufikisha yale aliyotumwa, bila kuongeza wala kupunguza. Ya pili ni uwakilishi wa amana, ambamo watu humkabidhi mwakilishi kazi ya kufikiri na kuamua kwa niaba yao, kisha wakamhukumu kwa matokeo. Mtetezi mashuhuri wa namna ya pili ni mwanasiasa Edmund Burke, aliyewaeleza wapiga kura wa Bristol, nchini Uingereza, mwaka 1774, kwamba mbunge anayeiweka kando akili yake ili awaridhishe waliomchagua hawatumikii hata kidogo. Burke aliishi kwa alichokisema: aliunga mkono kulegezwa kwa masharti yaliyoibana biashara ya Ireland na kupunguzwa kwa sheria zilizowakandamiza Wakatoliki, mambo yaliyowachukiza wengi katika mji ule wa wafanyabiashara, na mwaka 1780 alijitoa katika uchaguzi wa Bristol baada ya kuona kwamba hatashinda.

Hoja ya Burke ina nguvu, kwa sababu mijadala ya bunge isingekuwa na maana yoyote ikiwa kila mjumbe angefika na uamuzi uliokwisha kufungwa nyumbani. Hata hivyo hoja hiyo ina hatari ambayo watu waliopitia ukoloni wana sababu ya kuitambua mapema kuliko wengine, maana dai la kujua yanayowafaa watu kuliko wanavyojua wenyewe ndilo lililokuwa dai la magavana na mabwana shauri. Mwakilishi anayesema kwamba anafuata dhamiri yake, halafu asijione na wajibu wa kuwaeleza watu dhamiri hiyo ilisema nini na kwa nini, anarejea dai lile lile kwa lugha ya wenyeji. Kwa hiyo uhuru wa dhamiri, ukiachwa peke yake, haukamilishi jibu.

Katika Afrika Mashariki swali hili huzidi ugumu kwa kuwa kati ya mwakilishi na watu wake kuna chama. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 67, inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho, na katika ibara ya 71 inaeleza kwamba mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti chake. Ilhali ibara ya 100 ya Katiba hiyo hiyo inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge. Ibara hizi zikisomwa pamoja, maana yake ni kwamba mbunge hawezi kushtakiwa mahakamani kwa neno alilolisema bungeni, lakini chama chake kikimfukuza, ubunge nao unaondoka. Jambo hili lilikwisha kuonekana mwaka 1968, pale TANU, chama kilichokuwa kikitawala wakati huo, ilipowafukuza wabunge kadhaa, akiwamo Joseph Kasella Bantu, nao wakapoteza viti ambavyo wapiga kura ndio waliokuwa wamewapa. Ndiyo maana Mchungaji Christopher Mtikila alidai kwa miaka mingi mahakamani haki ya raia kugombea bila chama, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye makao yake Arusha, ikakubaliana naye kwamba katazo hilo lilikiuka haki zake.

Haitakuwa uadilifu kukisawiri chama kama adui wa dhamiri. Mpiga kura mara nyingi huchagua ilani, yaani orodha ya ahadi ambazo chama kinaziweka mbele ya umma, na mbunge aliyeshinda kwa mgongo wa ilani hiyo ana deni kwayo. Tena bunge ambalo kila mjumbe wake anajisemea peke yake ni bunge ambalo mwenye fedha anaweza kulinunua mtu mmoja mmoja. Tatizo huanza pale utii unapochukua nafasi ya sababu. Mwezi Agosti 1993 Bunge la Tanzania liliikubali hoja ya kundi la wabunge lililojulikana kama G55, lililotaka iundwe Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Mwalimu Julius Nyerere, rais wa kwanza wa nchi aliyekuwa amekwisha kustaafu, akaipinga kwa nguvu zake zote, na mwaka uliofuata uamuzi huo ukatenguliwa na Bunge hilo hilo. Kubadili msimamo si dhambi, kwa kuwa mtu mwaminifu huweza kusikia hoja bora kuliko yake akaifuata, na moyo wa kila mbunge aliyepiga kura siku zile anaujua Mungu. Lakini funzo la kifalsafa linabaki: kura inayobadilika kwa sababu iliyoelezwa ni kura ya mtu huru, na kura inayobadilika kwa hofu ya kupoteza kiti ni amana iliyovunjwa, hata kama upande uliofuatwa mwishoni ulikuwa ndio wenye haki.

Hapa ndipo mafundisho ya dini yanapotoa mwanga ambao nadharia ya uwakilishi haitoi yenyewe. Katika Uislamu, amana ni kitu cha mwenyewe kilichowekwa mikononi mwa mwingine ili akitunze na akirejeshe, na Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, inaunganisha amri ya kuzirudisha amana kwa wenyewe na amri ya kuhukumu kwa uadilifu, muungano ambao mwanachuoni Ibn Taymiyya aliufanya msingi wa kitabu chake juu ya utawala wa kisheria. Imepokewa pia kwamba Mtume Muhammad alimwonya sahaba wake Abu Dharr kwamba uongozi ni amana itakayokuwa majuto Siku ya Kiyama, isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki na akatimiza yaliyompasa. Upande wa Biblia, kitabu cha Waamuzi kina fumbo la Yothamu, ambamo mzeituni, mtini na mzabibu vinakataa kuitawala miti mingine, na mti wa miiba ndio unaokubali. Mafundisho haya mawili yanahitajiana: la kwanza linamtia hofu anayekitamani cheo, na la pili linamkumbusha mwema kwamba akikikimbia cheo kwa hofu hiyo, nafasi haitabaki wazi. Kwa mtazamo huo, aliyechaguliwa ana wenye amana wawili, Mungu na watu, na hesabu atakayoitoa kwa mmoja haimwondolei ile ya mwingine.

Amana hiyo hujaribiwa zaidi nje ya ukumbi wa Bunge, katika maisha ya kila siku jimboni. Mbunge hutarajiwa msibani na harusini, huombwa karo, nauli ya mgonjwa, mabati ya msikiti na saruji ya kanisa, na kila ombi ni la haki likitazamwa peke yake, kwa kuwa linatoka kwa mtu mwenye shida ya kweli mbele ya mtu anayedhaniwa kuwa nacho. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaibatilisha ruhusa hiyo kwa kuwa ilikuwa inakwenda kinyume cha Katiba. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kisheria, na sababu yake ya kimaadili ni nzito zaidi: uchaguzi humfanya mwakilishi kuwa mdaiwa wa watu, lakini zawadi humfanya kuwa mdai wao, na watu waliokwisha kupokea huona haya kumhoji aliyewapa. Mkono unaotoa mfululizo hununua ukimya, hata pale mwenye mkono asipokusudia. Na yeye mwenyewe, akiwa amekopa ili atoe, hujikuta akitafuta pa kuzirudisha fedha hizo, na mahali palipo karibu naye zaidi ni mali ya umma.

Liko pia jaribu la maridhiano. Mwanasosiolojia Max Weber, katika mhadhara alioutoa München, Ujerumani, mwaka 1919, alitofautisha maadili ya imani, ambayo humtaka mtu atende lililo safi na matokeo amwachie Mungu, na maadili ya uwajibikaji, ambayo humtaka ayabebe matokeo ya tendo lake. Historia ya Tanganyika ina mfano ulio bayana. Nyerere alijiuzulu ujumbe wa kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwezi Desemba 1957, kwa kuona kwamba kukaa kwake humo kulikuwa hakuna faida kwa watu. Na mwezi mmoja baadaye, katika mkutano wa TANU uliofanyika Tabora, aliwashawishi wajumbe wakubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, utaratibu ambao wote waliokuwapo waliujua kuwa ni dhuluma. Zuberi Mtemvu, mwanachama mwenzake wa TANU, alikataa, akaondoka na kuunda chama chake. Matendo mawili ya Nyerere, kuondoka na kukubali kuingia, yanaonekana kupingana, lakini yameunganishwa na jambo moja: katika kila moja sababu ilitajwa mbele ya wale watakaoathirika, nao wakapewa nafasi ya kuipima. Maridhiano yanayoweza kuelezwa hivyo ni sehemu ya siasa adilifu. Yale ambayo lazima yafichwe ili yadumu yameshajihukumu.

Kwa hiyo jibu la swali la mwanzo si kumchagua bwana mmoja kati ya watatu. Mwakilishi huwasikiliza wapiga kura kwa sababu ndio wanaoishi na matokeo ya sheria, hukiheshimu chama kwa sababu ya ahadi walizozitoa pamoja, lakini kura anaipiga yeye, na lawama yake ni yake. Baada ya hapo anapaswa kurudi jimboni na kuwaeleza watu alichokifanya, hasa pale alipotofautiana nao, na kuipokea hukumu yao bila kinyongo. Hukumu hiyo ina uzito hata katika mfumo finyu: katika uchaguzi wa mwaka 1965, ndani ya chama kimoja, wapiga kura waliwaangusha Waziri wa Fedha, Paul Bomani, na Bibi Titi Mohamed, mwanamke mashuhuri kuliko wote katika harakati za uhuru, na matokeo yakaheshimiwa. Kushindwa uchaguzi baada ya kufuata dhamiri na kuitolea hesabu ni maumivu makubwa kwa binadamu, lakini amana imerudi kwa wenyewe ikiwa kamili. Anayeshinda kila uchaguzi kwa kuficha anachokiamini hana cha kurudisha, kwa kuwa kile alichokabidhiwa alikitumia kujilinda yeye mwenyewe.