Swali la Festo

Jumapili iliyopita kijana mmoja wa kwaya alinisubiri mlangoni, joho lake amelikunja kwapani. "Baba Mchungaji, imani ina tofauti gani na wazimu?"

Nilitaka kucheka, kumbe swali lenyewe ni la zamani. Liwali Festo alimkatiza Paulo barazani Kaisaria, akamwambia elimu nyingi imemvuruga akili. Yesu mwenyewe, katika Marko sura ya 3, watu wa kwao walimfuata wakamkamate wakidhani amerukwa na akili. Maandiko hayakuificha aibu hiyo.

Mwaka 1927 Sigmund Freud aliiita dini njozi, yaani matamanio ya moyo, ingawa alikiri kuwa tunachokitamani si lazima kiwe uongo. Nao madaktari wa akili hawamhesabu mtu mgonjwa kwa kuamini tu yale ambayo jamii yake yote inayaamini. Hoja hiyo ingenifariji kama si msitu wa Shakahola. Huko, Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu. Nao walikuwa jamii, wakiamini pamoja.

Lakini kwa nini niende mbali? Miaka kadhaa iliyopita nilimwombea mama mmoja mwenye kifafa, nikatangaza madhabahuni kwamba amepona. Baada ya wiki tatu nilimkuta jikoni kwake, mkono umefungwa kitambaa cha kanga. Alikuwa ameangukia mafiga. Vidonge vyake vilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, havijaguswa tangu siku ile.

"Labda imani yangu ni ndogo, Baba Mchungaji," akasema.

Nikaogopa. Angeungua mwili mzima, bado angejilaumu yeye, maana mimi sikumwachia nafasi ya kufikiri kwamba mchungaji anaweza kukosea. Tomaso alidai kugusa makovu, na Bwana hakumfukuza, alimwonyesha mikono. Mimi nilikuwa nimewafundisha washirika wangu kwamba kuuliza ni dhambi. (Wachungaji wenzangu wanajua utamu wa kusikia "Amina" ya kanisa zima.)

Nilimwomba radhi pale pale, kando ya mafiga. Tukaomba, kwa sauti ya chini safari hii. Kisha akafungua kopo, akameza kidonge kwa maji ya mtungi. Sikumwambia amepona. Nilimuuliza tarehe yake ya kliniki.