Ichukie Dawa, Lakini Imeze

Unaichukia dawa yako ya SIDA. Sema tu.

Unaichukia, na papo hapo unajua kwamba ndiyo iliyokuinua kitandani. Nani alikwambia uchague moja? Nani alisema mpaka uipende ndipo uimeze?

Wewe wa Kirungu, wewe unayeteremka Moba Port kupanda boti ya Kalemie, umeshindilia pamba kwenye kopo ili vidonge visilie shemeji akikupokea begi. Akili ya kutafuta pamba unayo. Ya kutega simu ilie saa mbili usiku umeikosa?

Usiniambie hujala. Kidonge cha siku hizi cha SIDA, chenye dolutegravir, tenofovir na lamivudine, humezwa hata bukari haijaiva. Ni kimoja kwa siku.

Kimoja!

Waliokutangulia walimeza vidonge kwa mafungu, na wengi walizikwa kabla dawa yoyote haijawafikia.

Usiniambie unajisikia mzima. Uzima huo umeletwa na nini? Ukiacha, virusi vilivyojificha mwilini huamka ndani ya majuma machache. Ukimeza leo na kuruka kesho, unavizoeza kuishinda dawa.

Na mchungaji aliyetangaza kuwa umepona? Ombeni pamoja. Kisha meza.

Hasira yako siidharau. Dawa inakukosesha usingizi? Inakunenepesha? Hutokea kweli. Sasa mbona mbele ya muuguzi unasema "niko sawa", unapokea kopo, ukifika nyumbani unalisukumia chini ya godoro? Mwambie! Saa ya kumeza huweza kuhamishiwa asubuhi. Dawa yenyewe huweza kubadilishwa. Usichomwambia atakitibuje?

Tena dai kipimo cha wingi wa virusi. Usikiombe kwa sauti ya chini, kidai. Virusi visipoonekana humo, nawe ukaendelea kumeza bila kuruka, humwambukizi mwenzako kitandani.

Umesikia? Humwambukizi.

Ndoa unayo mbele yako. Watoto unao mbele yako. Unalala kwa nini?

Anza usiku huu, na chuki yako hiyo hiyo moyoni. Na ukienda kuvua ndakala kwa majuma mawili, beba vidonge vya majuma matatu. Ziwa likichafuka, boti haitajali tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yako.