Miguu Haina Akaunti

Wanangu, malalamiko yenu nimeyasikia, ya upande huu na ya upande ule. Nimechoka, lakini kaeni kidogo. Hapa Bariadi wazee tumeamua kesi za ng'ombe, za mipaka ya mashamba na za mahari. Sikutegemea kwamba uzeeni ningeletewa kesi ya ramani. Ila nikiisikiliza vizuri naona siyo ngeni. Mtu kafanya kazi, katajwa mwingine.

Mmevichora vijiji vya Simiyu kwenye OpenStreetMap, ramani huria aliyoianzisha Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha. Mmefanya jambo jema. Mkoa wetu wenyewe ulizaliwa 2012 tu, ulipomegwa kutoka Shinyanga, na majina ya vijiji vyetu yanayoanza na "Mwa" ni mengi kiasi kwamba mgeni akichanganya viwili hatumlaumu. Gamboshi nayo inasimuliwa nchi nzima kwa habari za uchawi. Mwombeni msimuliaji awaelekeze njia ya kufika huko muone atakavyobabaika.

Ramani hiyo ina kumbukumbu kali. Kila badiliko linabeba jina la akaunti, tarehe na saa. Hapo ndipo mlipoanza kuhesabiana. Aliyekaa mjini, penye umeme na intaneti, akachora mapaa kutoka picha za setilaiti, ana maelfu ya mabadiliko na mmemwita kinara. Yule wa Dutwa alipanda baiskeli kumtafuta mwenyekiti wa kitongoji, akamkosa, akarudi siku ya pili, ndipo akaambiwa kwamba jengo mliloliandika zahanati ni ghala la pamba. Huyo hana badiliko hata moja, kwa sababu simu yake ni ya tochi na habari alizileta kwa mdomo. Kwenye orodha yenu ya washiriki hayumo. Kisha mnaniuliza mimi kwa nini siku hizi haji.

Mashine haikusema uongo. Imehesabu kilichopita kwake, basi. Kinachonisikitisha ni ninyi, mliokuwepo, kuiachia mashine iwe shahidi peke yake.

Tazameni kwa jirani zetu wa Mugumu, wilaya ya Serengeti. Mradi wa Crowd2Map ulianza 2015, na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wakawa wanachora barabara na nyumba za vijijini Tanzania kwa kutumia picha za setilaiti, huku wenyeji wenye simu janja wakiongeza majina. Shida iliyowasukuma ilikuwa ya kweli: wasichana wanaokimbia ukeketaji. Rhobi Samwelly na wenzake wanaendesha nyumba salama ya kuwapokea, na anayetumwa usiku kumfuata msichana lazima ajue kijiji kiko upande gani. Mchora paa aliye Ulaya anastahili shukrani zake zote, na simnyimi. Lakini paa lisilo na jina halimfikishi dereva popote. Jina hilo lilitoka kinywani mwa mtu, na kuna mwingine aliyekwenda kuliuliza.

Ninyi ni Wasukuma, bugobogobo mnaijua. Mpiga ngoma anasimama kando ya shamba, jembe hajashika, na walimaji wanafuata mwendo wake. Sijapata kusikia mtu akimwambia kwamba hakulima.

Mnasema mlishukuru. Nilikuwepo. Mlisimama mkasema "asanteni wote kwa ushirikiano", mkagawa fulana, tena fulana zenyewe ziliishia kwa waliofika semina, na waliofika semina ni wale wale wa mjini. Asante ya namna hiyo haina wa kuipokea. Mtu mtajieni alichofanya: wewe ndiye uliyegundua zahanati si zahanati. Na mkiandika, andikeni mahali panapobaki. Kila mkipakia mabadiliko kuna sehemu ya maelezo na sehemu ya chanzo, nanyi mnaziacha tupu kama vile zimewekwa pambo. Andikeni humo kwamba majina yalihakikiwa kijijini, na nani aliyahakiki. Hata waandishi wa programu wanaotumia Git wana desturi ya kuongeza mstari wa mwandishi mwenza chini ya ujumbe wa badiliko, ili aliyefikiri pamoja nao asipotee kwa sababu tu kidole kilichobonyeza kilikuwa kimoja.

Kama mnadhani ni mambo ya heshima tu, ngojeni niwape habari ya xz. Hii ni programu ndogo ya kubana mafaili, iliyomo ndani ya kompyuta zisizohesabika duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Finland, karibu peke yake. Mwaka 2022 watu walimkalia kooni, mbona anachelewa, naye akawaeleza kwamba ni kazi asiyolipwa na kwamba afya ya akili imemwelemea. Msaidizi mpole aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa tayari amejitokeza, akakabidhiwa madaraka hatua kwa hatua, akaja kupachika mlango wa siri. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye mashine kumechelewa kwa kama nusu sekunde, akachimba, akaufichua. Bila udadisi wake sijui tungekuwa wapi. Sisemi shukrani zingemzuia mwizi. Nasema mchovu aliyeachwa na walalamikaji watupu humpa ufunguo wa kwanza atakayemsemesha vizuri.

Jambo moja mlipime kabla hamjakimbilia kuandika majina. Mwulizeni mwenyewe. Kumbukumbu za ramani ile zinasomwa na dunia nzima, na kuzifuta si rahisi. Mama anayewaelekeza nyumba ambako binti anaandaliwa kukeketwa huenda ana shemeji anayeweza kumdhuru. Huyo jina lake lisionekane popote, mwendeeni mkamshukuru faragha. Mwingine atataka jina la ukoo tu. Wa Dutwa nadhani atataka lake lote, na ni haki yake. Lakini asipigiwe simu. Huyo kinara wenu apande baiskeli aende mwenyewe, na akimkosa arudi siku ya pili.