Kununua ni nini? Bwasa, kalinzi, bugule na vyombo vya leo

Kwetu Bushi, mutu akienda kuomba shamba, neno la kwanza halikuwa bei. Neno la kwanza lilikuwa: unaliomba kwa njia gani? Maana kulikuwa njia mbalimbali, na kila moja ilikuwa na jina lake. Kuko bwasa: unalima musimu moja ao miwili, unapanda maharagi na mahindi, unavuna, unarudisha udongo kwa mwenyewe. Kuko kalinzi: unamupelekea mukubwa wa udongo ng'ombe ao mbuzi, naye anakupa shamba la kudumu lenye watoto wako watarizi, lakini wewe unabaki mutu wake. Na kuko bugule, ndiyo kununua, ambayo ilienea zaidi nyuma, wakati feza zilipoenea. Ku bugule unalipa, maneno yanaisha, mwenye kuuza anaenda zake.

Wazee walipotaka kujua mutu yuko ku shamba kwa njia gani, hawakuanza kuuliza karatasi. Waliangalia mugomba. Mwenye kulima kwa bwasa haruhusiwi kupanda mugomba, wala kahawa, wala muti wenye kukaa miaka. Juu ya nini? Juu mugomba unabadilisha shamba. Mwenye kupanda mugomba anaonyesha kwamba yuko kwake, na kesho ukitaka kumuondoa atakuonyesha migomba yake. Kesi ngapi zilifika mbele ya wakubwa wa vijiji kwa sababu ya migomba tu! Sisi tunaona kwamba ndani ya neno hilo kuko filosofia kamili. Kitu ni chako kama unaweza kukigeuza. Kama unaweza tu kukitumikisha vile mwingine amekupangia, basi uko ku bwasa, hata kama ulilipa feza nyingi.

Tunaleta habari hiyo ya udongo juu tunataka kuuliza swali ya vitu vingine kabisa: telefone, televizyo, mashini, motokari. Tunavinunua. Tunalipa makuta yote, hakuna deni. Lakini je, tumevinunua kwa bugule, ao tumepewa bwasa pasipo kuambiwa?

Tuanze na sheria yetu wenyewe. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ile watu wanaijua juu ya mambo ya udongo, inasema ku artikle 14 kwamba mwenye mali yuko na haki ya kutumia kitu chake namna anavyotaka, yeye peke yake, isipokuwa pale sheria ao haki za wengine zinaweka mupaka. Sheria hiyohiyo inasema udongo wote wa Kongo ni wa Serikali. Angalia basi mambo vile yanachekesha: mukulima wa Walungu hawezi kuwa mwenye udongo kwa sheria, lakini jembe lenye kulima udongo huo ni lake kamili. Anaweza kulikata, kulifupisha, kulipeleka kwa fundi wa chuma wafanye panga. Kwa mutu mudogo, vyombo vya mukono ndivyo mali ya kweli yenye anayo. Na sasa hata hapo, kuko mutu ameingiza mukono.

Kutengeneza na kugeuza si jambo la njaa tu, ijapokuwa njaa nayo imetufundisha mengi. Kibuyu kikipasuka, mama hakukitupa. Alitoboa matundu pembeni ya ufa, akakishona kwa uzi wa majani, na kibuyu kilichoshonwa kiliendelea kubeba maziwa ao pombe miaka mingine. Vingine vimeshonwa vizuri mpaka ushonaji unapita kibuyu chenyewe kwa uzuri. Jembe likiisha, lilirudi kwa mufua chuma. Na wandugu zetu wa Goma, na chukudu zao! Ni baisikeli ya mbao, hakuna kiwanda kinachoitengeneza. Mwenyewe anaifunga mupira ku magurudumu, anaongeza ubao, anabadilisha, anapakia magunia, anashuka nayo mulima. Pale Goma wameisimamishia sanamu. Hatujasikia mutu aliyeuliza mwenye chukudu kama yuko na ruhusa ya kuongeza ubao.

Kulikuwa vitu vya kutoguswa, ni kweli. Ishungwe ya mwami haikuguswa na kila mutu, wala ngoma za ufalme. Mutu anaweza kutujibu: munaona, hata kwenu kulikuwa vitu vyenye kufungwa. Tunakubali. Lakini ishungwe haikuuzwa ku soko. Kitu cha kutoguswa hakikuwa na bei, na kitu chenye bei kiliguswa na mwenye kulipa. Hakuna muzee aliyekuuzia ngoma asubuhi halafu mangaribi akakukataza kubadilisha ngozi yake.

Sasa twende Marekani, juu huko ndiko maneno haya yamepiganiwa sana mbele ya sheria. Mwaka 1998 walitoa sheria ya kulinda nyimbo, filme na programu za kompyuta zisinakiliwe ovyo. Sheria hiyo inakataza kuvunja kifungo cha elektroniki kinacholinda kazi ya mwingine. Tuseme kweli, wazo halikuwa baya. Mwimbaji naye anakula. Lakini miaka ilipita, programu ikaingia mu kila kitu, hata mu trakta. Na pale kuko programu, mutengenezaji anaweza kuweka kifungo, na pale kuko kifungo, sheria ya 1998 inasimama mulangoni. Mukulima alikuwa na turnevisi yake na mikono yake, lakini trakta inamuambia: kuko kosa, ita wakala. Wakala ndiye yuko na kompyuta yenye kufungua. Mavuno yanangoja, mvua haingoji.

Mwaka 2015, ofisi ya Marekani ya haki za watungaji ilipouliza maoni, kampuni ya John Deere iliandika kwamba mwenye trakta, ku upande wa programu, amepewa ruhusa tu ya kuitumia muda wote wa maisha ya gari hilo. Tulisoma neno hilo mara mbili. Ruhusa ya muda wote wa maisha! Lakini hiyo ni kalinzi, na ni kalinzi mbaya kuliko ya kwetu. Kalinzi ya Bushi inarizishwa kwa watoto, na haikomi siku jembe linavunjika. Tena mukubwa wa udongo alikuwa na deni kwa mutu wake: kumutetea, kumusaidia wakati wa shida. Kampuni inachukua ng'ombe ya kalinzi, inakataa deni la kalinzi, na ku kitabu cha hesabu inaandika: tumeuza. Mwaka huohuo wa 2015 wakubwa wa Marekani walikubali kwamba mwenye trakta ao motokari anaweza kuvunja kifungo kwa ajili ya kutengeneza kitu chake. Lakini ruhusa za namna hiyo zinaangaliwa upya kila miaka tatu, kama mutoto anayeomba kutoka inje. Mu Januari 2025 Serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara, iliishitaki kampuni hiyo kwa sababu ya mambo ya kutengeneza.

Mufano wa Polandi unashinda huo. Treni za kampuni ya Newag zilipelekwa mwaka 2022 kufanyiwa matengenezo makubwa mu karakana ya watu wengine, wenye walikuwa wameshinda tenda kwa haki. Mafundi walifungua, walitengeneza, walifunga. Kompyuta ya treni ikasema kila kitu kiko sawa. Treni ikakataa kutembea. Karakana ikaita vijana wajuzi wa programu, na mu Desemba 2023 vijana hao walieleza mbele ya watu yale waliyoyakuta ndani: maagizo ya kufunga treni ikikaa muda fulani bila kutembea, na hata alama za pahali, yaani treni ilikuwa inapima kama imelala mu karakana za washindani. Newag ilikana kwamba ni yeye aliyeweka mambo hayo, na ikawashitaki vijana. Sisi hatuko majaji wa kesi hiyo. Lakini kitu kimoja kinatutisha: chombo chenye mutu alilipia kinaweza kujua kiko mu mikono ya nani, na kukataa kazi kwa sababu hiyo. Wazee wangeliita hiyo uchawi, na pengine wasingekosea sana. Mutu anakuuzia mbuzi, anabaki ameshika kamba gizani.

Hayo yote yako mbali? Hapana. Kwetu Bukavu tunayajua kupitia telefone. Shangazi anatuma telefone kutoka Ulaya ao Marekani, inafika, unaweka karte yako, inakataa, juu imefungwa ku reseau ya kule. Unaipeleka Kadutu, kijana anaifungua. Wengi hawajui kwamba kazi hiyo ya kijana, kule telefone ilikotoka, ilikuwa imekatazwa kwa telefone mupya kuanzia mwisho wa Januari 2013, mpaka sheria nyingine ikairuhusu tena mu Agosti 2014. Mwaka na nusu, mutu alikuwa anavunja sheria kwa kufungua kitu chenye amelipia.

Na kuko hila mupya zaidi. Zamani telefone mbili mbovu zilizaa moja nzima: kioo cha hii, bateri ya ile. Ndiyo shule ya mafundi wetu. Hawakusoma mu chuo, walisoma ndani ya maiti za telefone. Sasa vipande vinafungwa pamoja kwa namba za siri. iPhone 13 ilipotoka mwaka 2021, ukibadilisha kioo chake, hata kwa kioo cha kweli kutoka iPhone 13 ingine, ilikuwa haitambui tena uso wa mwenyewe. Kulikuwa makelele, na mu Novemba mwaka huo Apple ilisema italegeza, ikalegeza kwa programu mupya. Mukono uliolegeza unaweza kukaza tena. Hilo ndilo linatuuma: si kipande kilichokufa, ni ruhusa.

Tusiwe watu wa upande moja. Wanaotetea vifungo wako na maneno yenye uzito. Neno la kwanza ni wezi. Ku inchi yenye telefone inanyakuliwa barabarani saa kumi na mbili ya mangaribi, kifungo kinachofanya vipande vya wizi visifae ku soko si kitu cha kucheka. Tuko na wandugu wenye walipigwa kwa sababu ya telefone, na hatutawaambia kifungo ni ubaya tu. Lakini swali ni nani anakamata ufunguo. Nyumba yangu iko na kifungo, na ufunguo uko mu mufuko wangu. Fundi wa mulango aliyenitengenezea hakubaki na wake. Kama kifungo ni cha kunilinda, munipe mimi ufunguo. Neno la pili ni hatari: bateri mbaya inavimba, inawaka, inachoma kitanda. Ni kweli, na mafundi wengine wanaweka bateri za uongo wakijua. Hapo desturi ilikuwa na dawa yake. Mufua chuma alijulikana kwa jina, na jembe likivunjika kwa kosa lake, ulirudi kwake mbele ya watu. Haki ya kutengeneza inaenda pamoja na jina la mutengenezaji. Kijana anayefungua telefone na kesho amehama fasi, huyo hatumutetei.

Kuko jambo lingine, na hatuwezi kulipita. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa mu Kongo hii, upande wa Lualaba na Katanga. Koltani inatoka huku kwetu Kivu. Vinatoka kama mawe, vinarudi kama vitu vilivyofungwa. Mutoto wa muchimbaji anaweza kuwa fundi, anakamata mu mukono wake jiwe la baba yake limekuwa bateri, na chombo kinamuambia yeye si mutu wa kuligusa. Hatusemi kwamba jiwe linampa haki ya sheria; mawe yaliuzwa, vizuri ao vibaya. Lakini mutu aliyetoa udongo, akatoa jasho, akatoa tena feza ya kununua, na bado haruhusiwi kupanda mugomba, huyo tunamuitaje?

Sheria zimeanza kugeuka kule mbali. Ulaya ilitoa agizo la tarehe 13 Juni 2024 juu ya haki ya kutengeneza, na inchi zake zilipewa mpaka 31 Julai 2026 kuliingiza mu sheria zao. Na kuanzia 18 Februari 2027, bateri ya chombo cha mukono itapaswa kuwa yenye mwenyewe anaweza kuitoa, isipokuwa vyombo vichache vyenye vimeachiliwa. Mu Marekani, jimbo la New York liliweka sheria yake Desemba 2022, Minnesota na California wakafuata mwaka 2023, Colorado ikawafikiria wakulima na trakta zao mwaka huohuo.

Jimbo la Oregon ndilo lilienda mbali kuliko hao. Sheria yake ya 2024 inakataza kufunga vipande kwa namba za siri ili kumuzuia fundi. Lakini inagusa tu vyombo vilivyotengenezwa nyuma ya tarehe 1 Januari 2025. Vile vya mbele ya hapo vimebaki na vifungo vyao, na vikichoka kule, ndivyo vitapakiwa mu makarto na kushuka ku soko ya Kadutu, miaka mingi bado.